Majani ya Gendon

21 Mei

Leo Baba amemfunga fahali wetu Gendon. Ng'ombe wote wa mtaa walipanda jalalani alfajiri kama kawaida yao, bila mchungaji, maana njia wanaijua kuliko madereva wa malori ya taka. Gendon naye akataka kuwafuata, kamba ikamrudisha. Akageuka kumtazama Baba, akalia mpaka watoto wa jirani wakatoka kuchungulia.

"Baba, huyo fahali kakosa nini?" nikamuuliza nikiwa kwenye cherehani.

"Hajakosa kitu. Hapandi tena kule."

"Kwa hiyo umemweka eda?"

Akacheka. Siku nyingi sijamsikia akicheka. "Haya, eda. Mpaka Idi ya kuchinja. Atakula majani matupu, atoke msafi, nimchinje kwa jina la mama yako."

Lakini najua hamfungi kwa ajili ya marehemu Mama peke yake.

24 Mei

Niliandike jambo hili mara moja nisilirudie.

Palupi ni mke wa mdogo wangu Teguh. Mwaka jana alipata mimba, mkunga akamwambia damu yake ni ndogo, ale maini. Baba alifurahi, maana dawa yenyewe ilikuwa kitu anachoweza kukileta. Hapa kwetu ng'ombe akichinjwa, anayesaidia kuchuna hupewa ini. Baba akawa hakosi chinjo hata moja. Anarudi na ini ndani ya jani la mgomba, bado lina joto, anampa Palupi mwenyewe mkononi. "Kula mwanangu, damu irudi." Mimi ndiye niliyelipika, kwa tui la nazi na pilipili nyingi. Palupi si mtu wa nyama, lakini alikula kwa heshima ya mkwe.

Mimba ikatoka ikiwa na miezi mitano. Kule hospitali kubwa walimpima damu wakakuta madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari. Daktari akauliza anakaa wapi, anakula nini. Tukamweleza kuhusu ng'ombe wetu, kwamba hushinda jalalani wakila maganda ya matunda, wali uliochacha na kila kilicholala pamoja na betri zilizopasuka. Daktari akaandika, kisha akasema hawezi kuapa kwamba mtoto amekufa kwa sababu hiyo. Wala hakuapa kwamba siyo.

Tangu hapo Palupi ana sufuria yake. Ndogo, ina mfuniko mwekundu. Humo anapika tempe ya maharage ya soya, mayai, na mboga anazoziosha mpaka zinachoka. Nyama haingii. Palupi hajamlaumu Baba hata kwa nusu neno. Anamwamkia, anamfulia, anamtengea chai. Ila chochote kilichopita mkononi mwa Baba hakigusi. Na Baba hajawahi kuuliza kwa nini jikoni kuna sufuria mbili.

Mimi niliona ni maringo. Nilimwambia Teguh, "Mkeo anatupikia dharau kila siku saa sita mchana." Teguh akanyamaza. Ndiyo kazi anayoiweza.

Sasa Palupi ana mimba tena.

27 Mei

Ramadhani imeingia. Baba anakata majani akiwa amefunga. Nimemwambia angoje jioni, kasema Gendon hajafunga.

9 Juni

Joto. Sare za shule zimerundikana. Majani.

25 Juni

Idi ndogo. Tuliketi kwa zamu mbele ya Baba kuomba radhi, paji la uso juu ya goti lake, kama kila mwaka. Mimi nilisema maneno yangu haraka haraka kwa sababu ndizi zilikuwa motoni. Teguh akasema yake. Palupi alipopiga magoti, hakuinuka.

"Nisamehe, Pak," akasema, neno letu la kumwita baba au mzee yeyote. "Nakukatalia chakula."

Baba alikuwa na shati jipya nililomshonea. Akashika vifungo vyake kimoja kimoja kana kwamba anavikagua. "Hukukosea. Mwenye mimba hachaguliwi chakula."

"Gendon akishapimwa damu na akionekana msafi, nitakula. Nitakula kwa mkono wako, siku ya Idi ya kuchinja. Nimeweka nadhiri."

Baba aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha Palupi, akatazama pembeni, kwenye picha ya Mama. Ndizi zikaungua zote na hakuna aliyenigombeza.

8 Julai

Mtaa mzima sasa wanamwita Gendon bwana eda. Pak Sarju, dalali wa ng'ombe, kapita na pikipiki yake, akasimama makusudi.

"Karsono! Wa kwangu wanapanda kule juu asubuhi, wanarudi jioni wameshiba, mimi nimelala. Wewe unamkatia fahali majani kama bibi harusi. Utamkanda na miguu?"

"Nikipata mafuta ya nazi," Baba akamjibu.

Nilicheka mpaka uzi ukakatika sindanoni.

19 Julai

Hakuna mvua tangu Mei. Mashambani kila kitu ni cha rangi ya gunia. Baba anaondoka gizani na baiskeli, anarudi adhuhuri na majani yasiyojaza hata nusu ya gunia, makavu, yenye miiba. Leo vidole vyake vilikuwa na damu. Mbavu za Gendon zinahesabika. Jioni ng'ombe wa wenzetu wanashuka kutoka jalalani matumbo yameviringana, na Gendon anawatazama wakipita.

Nilimwambia Baba amnunulie pumba. Akasema pumba za mjini huchanganywa na mambo asiyoyajua. Majani anayajua.

22 Julai

Palupi alikaa karibu na cherehani yangu akinisaidia kushona vifungo. Ghafla akashika mkono wangu akauweka tumboni kwake. Mtoto akapiga teke. Niliuacha mkono pale pale.

"Mbak," akasema taratibu, yaani dada, "wewe unadhani mimi najivuna."

"Zamani."

"Kila nikifungua sufuria ya Pak, harufu yake nzuri, Mbak. Njaa inaniuma. Halafu namkumbuka yule wa kwanza. Alikuwa na kucha tayari."

Mimi sikumwona yule mtoto. Wao wawili tu ndio waliomwona, yeye na Baba, kwa sababu Baba ndiye aliyemzika. Nimeishi nao nyumba moja mwaka mzima na nimemwita mwanamke huyu mwenye maringo. Usiku huu nimejionea aibu.

30 Julai

Baba karudi kabla ya saa mbili asubuhi na gunia limejaa, majani mabichi, marefu, yanatoa maji ukiyavunja! Katika kiangazi hiki! Gendon alikula bila kuinua kichwa.

"Umeyatoa wapi?"

"Nina mahali pangu," akasema, akipiga mluzi.

4 Agosti

Nilifuatana naye leo, maana mgongo wake unamsumbua na hataki kusema. Mahali pake ni nyuma kabisa ya mtaa, kwenye mfereji ulio chini, pale ambapo hakuna anayefika kwa sababu ya miiba. Majani ya tembo yamesimama yakinipita kimo, kijani kitupu, huku pande zote ni vumbi. Harufu ya jalala ipo, lakini ipo mtaani kwetu kote, pua zetu zilishaacha kuisikia. Tulikata pamoja. Baba alikuwa anaimba kwa sauti ya chini nyimbo za Mama za kulaza watoto. Nilikata mpaka nikapata malengelenge, nikajisikia vizuri, nikarudi kwa Palupi nikamwambia, "Kama ungeona majani yale, hata wewe ungeyala."

7 Agosti

Majani mabichi.

11 Agosti

Gendon kanenepa. Manyoya yanang'aa. Hata Pak Sarju kasimamisha pikipiki, safari hii bila utani.

14 Agosti

Watu wa mifugo wamekuja kupima ng'ombe wa udhiya. Aliyetoa damu ni msichana, daktari, anaitwa Bu Hesti. Baba alimsimulia habari yote ya eda ya Gendon, tangu siku ya kamba. Bu Hesti akasema laiti wafugaji wote wangekuwa hivi. Baba akatembea mtaani jioni yote, hana safari, anatembea tu.

20 Agosti

Ustadh Zaenuri wa msikitini ameandika jina la Mama katika majina yatakayosomwa wakati wa kuchinja. Baba alimwomba alitamke mara mbili, asikosee.

24 Agosti

Naandika kwa sababu siwezi kulala wala kushona.

Bu Hesti alikuja peke yake asubuhi. Hakukubali chai. Alisema damu ya Gendon ina risasi, nyingi, haijapungua kama walivyotarajia. Pengine imezidi.

Baba alidhani wamechanganya vichupa. Hakupandisha sauti, alimwonea huruma msichana wa watu kwa kosa lake. "Mwanangu, huyu hajakanyaga jalalani tangu Mei. Uliza mtaa mzima. Wananicheka kwa ajili yake."

"Naamini, Pak. Anakula nini?"

"Majani."

"Pumba? Mabaki ya sokoni?"

"Majani matupu. Nakata mwenyewe."

"Ya wapi, Pak?"

Palupi alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake. Nilimwona Baba akianza kunyoosha mkono kuonyesha, kwa fahari ile ile, na mkono ukaishia hewani.

Tulikwenda sote. Sijui kwa nini hatukumzuia Palupi. Mfereji ulikuwa vilevile, majani yamesimama, mengine yameanza kuchipua pale tulipokata. Bu Hesti akashuka, akafunua majani kwa mguu. Chini yake kulikuwa na maji meusi, mazito, yanatembea polepole.

"Maji haya yanatoka wapi?" akauliza.

Tuliinua macho. Mlima wa taka ulikuwa juu yetu, wazi kabisa, malori yanamwaga. Nimekulia hapa. Nimeuona mlima ule kila siku ya maisha yangu, na siku ile niliyokuja kukata sikuinua kichwa hata mara moja. Kiangazi chote hakuna mvua, na sisi hatukujiuliza kwa nini pale tu ndipo penye maji.

Bu Hesti alieleza kwa upole kwamba majani hunywa kila kinachopita kwenye mizizi yake. Baba alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kila neno anakubali, kama mtoto anayesomewa makosa yake. Kisha akashuka mferejini na viatu vyake, akang'oa fungu moja la majani, akalinusa.

"Yananukia vizuri," akasema.

Hapo Palupi akalia. Alilia amejishika tumbo, na Baba alisimama ndani ya maji meusi hathubutu kumkaribia.

26 Agosti

Pak Sarju amekuja jioni. Hakuwa na utani.

"Niuzie mimi. Nitampeleka mjini. Mjini hawaulizi, wanatazama unene tu. Utapata mwingine msafi, umchinje kwa jina la mkeo, na Idi yako haijaharibika."

Nakiri nilitamani Baba akubali. Teguh pia alitamani, nilimwona.

Baba alikuwa anamsugua Gendon shingoni. "Mjini hakuna wanawake wenye mimba?" akauliza.

Pak Sarju akawasha pikipiki akaenda zake.

1 Septemba

Idi ya kuchinja. Majina yalisomwa kwa kipaza sauti, tukiwa tunayasikia kutoka uani. Yakaisha. La Mama halikuwemo. Baba alikuwa amevaa shati lile jipya na ameketi kwenye benchi na mundu mapajani. Sijui alikuwa akingoja nini.

Msikitini walituletea fungu la nyama kama kila nyumba, ya ng'ombe waliopimwa, kutoka vijiji vya mlimani mbali na jalala, ina karatasi yake ya kipimo. Nilipika. Palupi alitoka chumbani, akaketi mkekani mbele ya Baba. Nilidhani ataitimiza nadhiri yake hata hivyo. Baba naye alidhani hivyo. Alichukua kipande, akakipuliza, akanyoosha mkono.

Palupi alikitazama. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Nilimwona akijilazimisha, jasho limemtoka juu ya mdomo. Nyama ilikuwa safi na sote tulijua ni safi. Hakuweza.

"Sina hasira, Pak," akasema. "Wallahi sina hasira na wewe. Naogopa."

"Hata mimi naogopa, mwanangu," Baba akasema, akakirudisha kile kipande sahanini. Hakuna aliyekula.

9 Septemba

Palupi amekwenda kwao kujifungulia. Teguh amemsindikiza na amepata kazi kiwandani karibu na huko, kwa hiyo hasindikizi tu. Baba alibeba mizigo mpaka barabarani. Sufuria yenye mfuniko mwekundu imebaki. Sijui ameisahau au ametuachia.

17 Septemba

Vumbi. Baba hali chochote nikipikacho. Anasema hana njaa.

18 Septemba

Leo nilipika tempe kwenye sufuria ya Palupi, maji nimenunua ya chupa. Baba akala yote. Akauliza kama chumvi imeisha dukani. Nikamtukana kidogo, kwa furaha, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

5 Oktoba

Anakata majani kwenye mlima halisi sasa, mbali na taka, kijiji cha tatu. Anaondoka jana, anarudi leo, nimezoea kumwambia hivyo. Bu Hesti alimwambia Gendon akila ya huko mwaka mzima huenda akasafika, huenda. Nilimuuliza Baba anamlisha kwa ajili ya nani. Akasema fahali hajui habari hizo, yeye anajua njaa.

21 Oktoba

Joto kali. Jalala limeshika moto upande wa mashariki. Tumefunga madirisha.

6 Novemba

Mvua! Mvua ya kwanza, kubwa, na ng'ombe wa mtaa wanashuka kutoka jalalani wamelowa wanatoa mvuke. Maji meusi yamejaa mferejini na yanaingia barabarani. Baba amesimama mlangoni akiyatazama yanavyopita mbele ya nyumba yetu, mahali ambapo Teguh alijifunza kutambaa.

8 Novemba

Palupi amejifungua salama. Msichana. Teguh alipiga simu ya picha, analia na kucheka, maneno yake hayashikiki. Wamempima mtoto damu, hana kitu. Hana kitu! Nilimrudishia Baba neno hilo mara tatu kwa sababu masikio yake si mazuri na kwa sababu nilitaka kulisema.

Kisha Palupi akaishika simu. Amekonda, nywele zimemganda usoni, mzuri. Akasogeza mtoto karibu.

"Pak, jina lake Ngatinah."

Jina la Mama. Jina ambalo halikusomwa. Baba aliinama karibu na simu mpaka pua yake ikagusa kioo, na kule upande wa pili nadhani waliona paji la uso tu.

"Tutamleta," Palupi akasema. "Akitimiza siku thelathini na tano, kama desturi yetu, tutamleta, umnyoe nywele za kwanza kwa mkono wako. Mkono wako, Pak. Nimeweka nadhiri tena."

Mwanamke huyu. Anaogopa mpaka anatetemeka na bado anaahidi. Mwaka mzima Baba alikuwa anataka kitu kimoja tu, mkono wake usikataliwe, na sasa kimeletwa mbele yake, kina macho yaliyofumbwa na ngumi mbili ndogo. Nilimsogezea simu ajibu. Alitazama mtoto. Akatazama mlangoni, maji meusi bado yanapita. Akanirudishia simu, akaifunika kwa kiganja ili wasisikie.

"Mwambie asimlete," akasema.

"Baba."

"Mwambie mtoto ni mzuri. Mwambie nimefurahi kuliko siku yoyote. Halafu mwambie asimlete hapa."

Nikasema. Sikumbuki nilisemaje. Palupi alilia, na hakubisha.

Baba alikuwa ameshavaa koti la mvua. Akachukua mundu, akafunga gunia kwenye baiskeli, akampapasa Gendon shingoni, akaelekea mlimani, kule kijiji cha tatu.